Mpira au Kisu? Mjadala wa Kuku Asiyeweza Kula

Ndui ya kuku yenyewe huua wachache. Wengi huuawa na njaa inayokuja nyuma yake. Vinundu huota kwenye kilemba, ndevu na kope, kisha hukauka vikawa magamba meusi na kuziba macho. Kuku ambaye mwili wake ungeushinda ugonjwa hubaki amejikunyata karibu na bakuli lililojaa asiloliona. Magamba huanguka yenyewe baada ya wiki tatu hadi nne, na hakuna dawa ya kuyaharakisha. Kazi yote ya mwenye kuku ni kumfikisha siku hiyo akiwa hai.

Mvua ndefu inapokatika mwezi Mei, madimbwi hubaki kando ya Mto Ruiru, na kwenye mitaro ya Thika mbu hujaa, na mbu ndio wanaoieneza ndui kutoka kuku hadi kuku. Hapo ndipo swali hili huzuka katika ploti za futi 50 kwa 100, ambako karibu kila ua una kibanda cha kuku nyuma ya jiko: je, ni sawa kumpitishia kuku mpira hadi kwenye gole na kumlisha kwa sirinji nyumbani? Wapo wanaoona ni huruma, wapo wanaoona ni kupoteza muda, na wapo wanaoona ni ukatili. Nimezipanga hapa sauti zinazowakilisha pande hizo, na mimi mwenyewe sitakaa kimya, maana katika jambo hili nina upande.

MAMA WA KIHUNGURO: Kuku wangu ni saba tu, wa kienyeji wale walioboreshwa na shirika la utafiti la KALRO kule Naivasha. Si wa biashara. Mayai tunakula, na jirani mwenye mtoto mdogo nampelekea mawili matatu. Huyu mwenye madoadoa ameziba macho yote mawili, na nikimshika mfupa wa kifua unanichoma kiganjani. Hospitalini wagonjwa wasioweza kumeza hulishwa kwa mpira na wanapona. Kwa nini huyu asilishwe?

MFUGAJI WA MAKONGENI: Pole, mama, lakini tuongee ukweli. Mimi nina kuku wa mayai 500. Asubuhi nikimwona mmoja amejitenga na wenzake, manyoya yamesimama, namtoa kwa kisu. Simngojei. Kumlisha mara nne kwa siku, kila mara dakika kumi, ni dakika arobaini kwa kuku ambaye hatagi. Wakiwa kumi, nimeacha ufugaji nimekuwa muuguzi. Tena mikono inayomshika mgonjwa ndiyo hiyo hiyo inayookota mayai na kujaza maji ya wazima. Kuku wa kienyeji ni kama shilingi 1,000. Daktari akija nyumbani, ada yake inaipita bei hiyo kabla hajafungua mkoba.

DAKTARI WA MIFUGO: Ngojeni kwanza. Mmerukia mpira. Mama, ulishamwosha macho?

MAMA: Naogopa kumwumiza, daktari.

DAKTARI: Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yawe vuguvugu. Lowesha pamba, ikalishe juu ya jicho dakika chache mpaka gamba lilainike, kisha pangusa taratibu. Usilibandue kwa kucha. Likitoka kwa nguvu linaacha kidonda, na hilo gamba lenyewe lina virusi vinavyoweza kukaa miezi, kwa hiyo yanayoanguka yaokote uyachome. Mara nyingi jicho moja hufunguka kidogo, na jicho moja linamtosha kuku kula. Lisipofunguka hata hilo, mpe bakuli lenye kina, lijaze, liweke mahali pale pale kila siku, na umchovye ncha ya mdomo kwenye maji na kwenye chakula mpaka akumbuke. Kuku asiyeona hujifunza kudonoa. Wengi wa hawa hawatahitaji mpira kabisa.

Hapa naingia. Mjadala wa huruma dhidi ya hesabu ukiachwa ujiendeshe wenyewe, utazunguka mpaka jioni, kwa sababu mama na mfugaji wote wawili wanasema kweli. Kinachokosekana ni swali la kabla ya hayo yote: ni nini hasa kinachomzuia kuku huyu kula, na kizuizi hicho kitaondoka lini? Kwa kuku mwenye ndui ya ngozi majibu yapo: macho yamezibwa, yatafunguka ndani ya wiki chache. Mpira hapo ni daraja la kumvusha, na ng'ambo ya pili inajulikana. Kwa kuku aliyeacha kula tu, hakuna ajuaye kwa nini, mpira unamjaza tumbo na kuufunika ugonjwa. Mwenye kuku anaona gole limejaa anafurahi, huku ini au matumbo yakiendelea kuoza na wenzake wakiambukizwa. Nasimama na mama, basi, lakini kwa sharti hilo.

MFUGAJI: Hata ukijua sababu, kazi yenyewe ni ya hatari. Nimeona watu wakimwua kuku mikononi mwao wakisema wanamtibu.

MAMA: Hilo ni kweli, hata kwetu nyumbani tulikuwa tukifanya. Kuku akiinamisha kichwa, unatwangwa mchanganyiko wa shubiri na pilipili kichaa, mmoja anamshika, mwingine anammiminia kwa kijiko. Wengine walikufa pale pale. Tukasema ugonjwa ulikuwa umezidi.

DAKTARI: Walizama, mama. Fungua mdomo wa kuku mzima uangalie. Nyuma tu ya ulimi, sakafuni mwa mdomo, kuna tundu linalofunguka na kufumba. Hiyo ndiyo njia ya pumzi. Haina kifuniko cha kuilinda kama tulicho nacho sisi. Na kuku hana ule msuli mpana chini ya mapafu unaotuwezesha kukohoa kwa nguvu. Ukimmiminia kitu akiwa amechoka, kinateremka moja kwa moja hadi mapafuni na kwenye mifuko ya hewa. Asipokufa papo hapo, atakufa kwa nimonia baada ya siku mbili tatu. Ndiyo maana mimi nakiogopa kijiko kuliko ninavyouogopa mpira. Mpira ukipita vizuri unavuka tundu hilo na kumwaga chakula mbali nalo.

MFUGAJI: Ukipita vizuri.

DAKTARI: Ndiyo, na kupita vizuri kunafundishika. Mara ya kwanza mama aje kliniki, au aende Kabete kwa madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aoneshwe kwa mkono. Maneno yangu hayatoshi. Lakini ajue anachokwenda kuoneshwa.

Namwacha daktari aendelee bila kukatizwa, kwa kuwa sehemu hii ndiyo inayokosewa, na kosa lake ni kifo.

DAKTARI: Kwanza joto. Kuku mzima ana joto la mwili la nyuzi 41 hadi 42. Mgonjwa aliyepoa gole lake halisukumi chakula, na chakula kilicholala humo huchacha. Kwa hiyo muweke kwenye boksi lenye nyasi kavu, karibu na taa au chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, mpaka miguu yake isiwe baridi. Pili maji. Mlisho wa kwanza usiwe chakula, uwe maji yenye sukari na chumvi, yale tunayowapa watoto wanaoharisha: lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Kuku aliyekaa siku nyingi na njaa ukimshindilia chakula kizito ghafla, unaweza kumwua kwa wema. Gole likishusha maji hayo, ndipo uanze uji.

Uji wenyewe utengeneze kwa chakula cha vifaranga, si cha kuku wa mayai. Cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi ambayo kuku asiyetaga haihitaji, tena mchanga wake unaziba mpira. Loweka, saga, chuja, uwe mwepesi kama uji wa mtoto wa miezi sita. Usitie maziwa mengi, kuku hana uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Joto lake liwe kati ya nyuzi 38 na 40. Pima kwa kipimajoto, usikisie kwa kidole, maana uji wa moto huunguza gole na kidonda kinaonekana siku kadhaa baadaye ngozi inapotoboka.

Mpime kwa mizani. Kuku wa kilo 2, anza na mililita 20 au 30. Akizistahimili panda polepole hadi 50 au 60, mara tatu au nne kwa siku, na kabla ya kila mlisho papasa gole. Likiwa bado limejaa, usiongeze. Alfajiri linatakiwa liwe tupu. Likiwa limejaa na mdomo unanuka uchachu, simamisha kila kitu umlete.

Mpira uwe mwororo, mpya, wenye unene wa milimita 5 au 6, ule wa kemisti wa kulishia wagonjwa. Mwembamba sana ndio hatari zaidi, kwa sababu unaweza kuingia njia ya pumzi bila wewe kujua. Pima kwa nje, kutoka ncha ya mdomo hadi kwenye gole, shingo ikiwa imenyooshwa, na utie alama. Mtu mmoja amfunge kuku kwa taulo akiwa wima. Wewe nyoosha shingo yake juu, pitisha mpira uliolainishwa kwa maji kutoka upande wake wa kushoto wa mdomo, uelekee kulia na nyuma, kwa sababu umio wa kuku unashuka upande wa kulia wa shingo. Usisukume kwa nguvu. Ukifika kwenye alama, papasa shingo: utakuta mirija miwili, mmoja ni koromeo lenye pete pete, mwingine ni mlaini na ndani yake kuna mpira. Ukihisi mmoja tu, toa, anza upya. Ukihisi miwili, sukuma sirinji taratibu ukiangalia mdomoni. Uji ukionekana unapanda, acha mara moja, mwachilie kichwa akitikise mwenyewe. Ukimaliza, bana mpira kwa vidole ndipo uutoe, matone yasidondoke juu ya lile tundu.

MAMA: Na akila hivyo atataga?

DAKTARI: Hatataga, na usitake atage. Piga hesabu: uji wa fungu moja la chakula kwa matatu ya maji, mililita 50 mara nne, unampa gramu 50 hivi za chakula kikavu kwa siku. Kuku wa mayai aliye mzima hula kama 110 au 120. Tunamweka hai, basi.

MFUGAJI: Naliheshimu hilo somo. Bado nauliza: kuna tofauti gani na Wafaransa wanaowashindilia bata bukini mahindi kwa bomba ili maini yao yavimbe? Uingereza, Ujerumani na Italia zimekataza ufugaji huo kwa sababu ni ukatili. Hapa kwetu Sura ya 360 ya sheria zetu inakataza kumtesa mnyama bila sababu. Kuku hakuomba mpira. Ukimshika mara nne kwa siku akiwa haoni, kila mara anadhani ameshikwa na kicheche.

Hoja hii ni nzito kuliko ile ya shilingi, na sidhani mama ana jibu lake. Hofu ya kuku ni ya kweli. Ukimshika utausikia moyo wake. Bata bukini wa Ufaransa hujazwa kupita anachohitaji ili augue, na kuku huyu hupewa pungufu ya anachohitaji ili apone, hivyo makusudi ni mawili tofauti. Hata hivyo makusudi mema hayamwondolei hofu. Kinachoweza kuyahalalisha mateso ya wiki hizo chache ni kwamba zipo siku nyingi baada yake za kuchakura juani, na kwamba kila mlisho unafanywa na mikono iliyofundishwa. Mikono isiyofundishwa ikifanya hivyo, mfugaji ana haki ya kuuita ukatili, na mimi nitamuunga mkono.

KIJANA WA AGROVETI: Samahani wazee wangu. Wateja wakija na shida hii hawaombi mpira, wanaomba dawa. Nikimwambia mama hakuna dawa ya ndui, anaenda duka la pili na anauziwa unga wa antibayotiki.

DAKTARI: Antibayotiki haiui virusi, kijana wangu. Ina kazi yake vidonda vikiingiwa na usaha, na hapo daktari aandike. Ukiiuza kama sukari, mabaki yanaingia kwenye mayai ambayo mama anampelekea jirani mwenye mtoto.

MFUGAJI: Basi mama, nikupe mfano wa kuku wa pili. Huyu shingo imepinda, anazunguka palepale, kinyesi ni kijani, na wenzake wawili walikufa jana. Huyo naye utamtilia mpira?

MAMA: Ningejaribu.

DAKTARI: Usijaribu. Dalili hizo zinafanana na za kideri. Shingo iliyopinda haiwezi kunyooshwa salama, na atapaliwa. Anamwaga virusi kwa kila tone la mate, na wenzake waliobaki wanavinywa. Hata macho yako wewe yanaweza kuwasha na kuvimba. Kideri ni ugonjwa wa kuripotiwa kwa ofisi ya mifugo ya kaunti. Huyo atolewe bila maumivu, azikwe kwenye shimo lenye kina au achomwe, asichinjwe akaliwa, manyoya na matumbo yasitupwe kwenye shamba la sukumawiki. Wazima wachanjwe. Chanjo ya I-2 inastahimili joto kuliko zile za zamani, inadondoshwa jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Na kama ni ndui, lakini ukifungua mdomo unakuta utando wa njano kooni, mpira pia hapana. Utaukwangua utando, utatoka damu, na huenda ukaziba njia ya pumzi.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyelitaja, na linanisumbua kuliko mpira na kisu. Katika mitaa yetu kuku akianza kulegea, wengi hawamlishi wala hawamzuii. Wanamtia kwenye gunia wakamwuze upesi kabla hajafa, au wanamchinjia wageni. Mbio hizo za kuokoa shilingi elfu moja ndizo zinazokisafirisha kideri kutoka boma hadi soko, kutoka soko hadi boma jingine, kwa matatu ya barabara ya Thika. Mama anayekaa na kuku wake mgonjwa, akamtenga, akamchunguza kila asubuhi, hata kama mpira wake hautafaulu, amewalinda majirani kuliko yule aliyeuza. Na mfugaji anayemtoa mgonjwa na kumpeleka maabara ya Kabete apasuliwe, ijulikane kilichomuua, naye amewalinda. Hao wawili wako upande mmoja hata kama hawajaliona hilo.

MFUGAJI: Tukubaliane basi kuhusu mwisho. Daraja lina urefu wake. Mama atamlisha mpaka lini?

DAKTARI: Mpime kila asubuhi kabla ya mlisho. Uzito ukisimama au ukipanda, endelea mpaka jicho lifunguke, kisha punguza mlisho mmoja mmoja ili njaa imrudishe kwenye bakuli. Siku tatu za mlisho kamili na uzito bado unashuka, au gole limegoma, au anapumua mdomo wazi, acha. Niite au umtoe.

MAMA: Kumtoa sitaweza mwenyewe.

MFUGAJI: Nitakuja mimi, mama. Hilo najua kulifanya haraka.

MAMA: Asante, baba. Lakini mbona hatukuwachanja mapema tukaepuka haya yote?

MFUGAJI: Kwa sababu chupa za chanjo hutengenezwa kwa dozi mia na zaidi, na wewe una kuku saba. Nani atakuuzia saba? Mimi nachanja kundi langu jipya la vifaranga 500 kwa chupa ya dozi 1,000. Nusu nzima namwaga, maana ikishachanganywa haikai zaidi ya saa mbili.

DAKTARI: Na ndui husambaa polepole, kwa hiyo wale sita wa mama wasio na vinundu bado wanaweza kuchanjwa sasa. Ni sindano ya ncha mbili, inachomwa kwenye utando wa bawa. Baada ya siku saba hadi kumi angalia pale ulipochoma. Ukiona kijipele, imeshika. Kutoka Makongeni hadi Kihunguro ni kilomita 20 hivi. Ikibebwa kwenye barafu inafika.

MFUGAJI: Nachanja Jumamosi alfajiri. Saa moja na nusu nitakuwa nimekutengea nusu yako. Lakini mama, bandani kwangu usiingie, wala viatu ulivyovaa kwako visikanyage getini. Nitakuletea stejini.

MAMA: Na sindano?

DAKTARI: Yako mwenyewe. Ya kwake isigusane na kuku wako hata mmoja. Umchanje mwenye madoadoa? Hapana, huyo ameshaumwa. Akipona, mwili wake umeshajifunza.